Neno Likae Mahali Pake: Kirai Nomino kwa Mwandishi wa Kiingereza Aliyelelewa kwa Kiswahili

Nimesahihisha insha za Kiingereza za vijana wetu kwa miaka mingi, na kuna sentensi moja ambayo hurudi mezani kwangu kila muhula, maneno yakiwa mengine lakini mwendo ule ule. Mara ya mwisho ilikuja hivi: “My grandfather had a bicycle which was old and which was of black colour and which he loved it very much.” Aliyeiandika ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, kijana msikivu, mwenye hadithi nzuri ya babu yake. Tahajia yake haina kosa hata moja. Msamiati anao, na mapenzi kwa babu yanaonekana. Hata hivyo sentensi inachechemea, na mwalimu akimwandikia pembeni kwa wino mwekundu kwamba Kiingereza chake ni kibovu, kijana haambulii kitu.

Tulikaa pamoja, tukaisoma kwa sauti, kisha tukaiandika upya: “My grandfather's old black bicycle leaned against the mango tree.” Maneno matano ya mwanzo yamebeba kila alichotaka kusema kuhusu baiskeli: ni ya nani, ina umri gani, ina rangi gani. Na kwa kuwa mambo hayo yamepata pa kukaa, kitenzi kimebaki huru kufanya kazi mpya. Baiskeli sasa imeegemea mwembe, na msomaji anaiona. Katika sentensi ya kwanza vitenzi vyote vilimalizwa na maelezo, na mwishoni hakuna kilichotokea.

Fungu lile la maneno matano ndilo wanasarufi wanaloliita kirai nomino: nomino moja iliyo neno kuu, pamoja na maneno yote yanayoielezea. Kulitambua ni rahisi. Liondoe fungu zima na uweke “it” mahali pake. Sentensi ikisimama, umelipata lote. “It leaned against the mango tree” inasimama. Ukiondoa “bicycle” peke yake na kuacha “my grandfather's old black it”, unaona mara moja kwamba umekata katikati ya mwili.

Makosa mengi ya mtoto wa Kiswahili anayeandika Kiingereza yana mzizi mmoja. Kiswahili huunganisha sifa na kitu chake kwa upatanisho wa ngeli. Kiingereza huviunganisha kwa nafasi. Kwetu neno hujulikana ni la nani kwa herufi iliyo kichwani mwake: vya, cha, ya, za. Kwao neno hujulikana ni la nani kwa mahali lilipokaa. Mwandishi akilishika hilo, kanuni nyingi zinazoonekana kama mzigo wa kukariri huwa jambo moja.

Lugha mbili, kioo kimoja

Chukua jina la kamati kama zile zinazojaa katika nyaraka za ofisi: “ministry staff performance appraisal system review committee”. Maneno saba yamepangwa bega kwa bega, bila kiunganishi. Msomaji wetu huanzia kushoto, akikutana na wizara, na kudhani habari ni ya wizara. Sivyo. Habari ni ya kamati, nayo imekaa mwisho kabisa. Sasa lisome jina hilo kwa Kiswahili: kamati ya mapitio ya mfumo wa tathmini ya utendaji wa watumishi wa wizara. Nomino ni zile zile saba, kwa mpangilio uliogeuzwa kama sura katika kioo. La kwanza kwetu ni la mwisho kwao, la mwisho kwetu ni la kwanza kwao.

Tazama pia kilichopotea njiani. Kiswahili kimetumia ya, ya, wa, ya, wa, wa, na kila kiunganishi kinamwonyesha msomaji nomino kinayoitumikia. Kiingereza kimevitupa vyote sita, kikaiachia nafasi kazi ya kuonyesha nani anamwelezea nani. Ndiyo maana mnyororo kama huo humchosha hata Mwingereza mwenyewe. Ninapofundisha kutafsiri nyaraka za aina hiyo, agizo langu la kwanza ni moja: anza na neno la mwisho, kisha rudi nyuma.

Somo kwa mwandishi ni zito zaidi. Anayezungumza Kiswahili hutaja kitu kwanza, ndipo akivike sifa. Anaweza kusema “baiskeli”, akavuta pumzi, akafikiri, akaongeza “kuukuu, nyeusi, ya babu”. Anayeandika Kiingereza anakivika kitu sifa kabla hajakitaja. Akianza na “my grandfather's old black”, lazima awe anajua anaelekea kwenye “bicycle”. Hawezi kubuni njiani. Kijana wangu wa kidato cha tatu alitaja kitu kwanza, kama mama yake alivyomfundisha kusema, kisha sifa zikamjia moja moja, na kila ilipokuja ikambidi aifungulie mlango mpya wa “which was”. Alikuwa akifikiri vizuri, kwa mpangilio wa lugha nyingine.

Foleni ya sifa

Vivumishi vya Kiingereza vikikaa mbele ya nomino hupanga foleni, na foleni hiyo ina utaratibu. Kwa kawaida hutangulia maoni ya msemaji, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kitu kilichotumika kutengenezea, na mwisho kazi ya kitu chenyewe. Mark Forsyth aliuorodhesha utaratibu huo katika kitabu chake cha 2013 kuhusu ufasaha, na mwaka 2016 ukurasa wenye orodha hiyo ulisambaa sana mitandaoni. Wasomaji wengi waliozaliwa na Kiingereza walishangaa kugundua kwamba wamekuwa wakiifuata kanuni hiyo maisha yao yote bila kufundishwa.

Mwandishi J. R. R. Tolkien aliushangaa utaratibu huo akiwa mtoto. Katika barua aliyomwandikia mshairi W. H. Auden mwaka 1955 alikumbuka kwamba, akiwa na umri wa kama miaka saba, aliandika hadithi ya joka, akaweka rangi ya kijani mbele ya ukubwa. Mama yake hakusema neno juu ya joka lenyewe. Alimwambia tu kwamba “great” lazima litangulie “green”. Mtoto yule alikuja kuwa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford, na bado swali la kwa nini iwe hivyo halikumtoka.

Kuna jibu moja linalosaidia darasani. Sifa iliyo ya asili zaidi kwa kitu hukaa karibu zaidi na jina lake, na iliyo ya macho ya msemaji hukaa mbali. Chukua mashua ufukweni: “a small blue wooden fishing boat”. Kazi ya kuvua ndiyo inayoifanya iwe mashua ya aina hiyo, hivyo “fishing” inagusana na “boat”. Mbao ni mwili wake, kwa hiyo “wooden” inafuata. Rangi inaweza kubadilishwa kwa kopo moja la rangi, nayo imesogea mbali kidogo. Udogo hutegemea umeilinganisha na nini. Ukiongeza “beautiful”, hilo ni la moyo wako wewe unayetazama, nalo litakaa mwanzo kabisa. Kwetu foleni hii haibani hivyo, maana ngeli inatulinda: mashua ndogo ya mbao ya kuvulia, mashua ya kuvulia ya mbao, ndogo. Masikio yatapendelea mpangilio mmoja kuliko mwingine, lakini maana haipotei.

Tatizo jingine hapa limeota katika utajiri wetu wa namna nyingine. Vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache. Pengo hilo tunaliziba kwa ufundi mkubwa, tukitumia a-unganifu, -enye na vitenzi rejeshi: mtu wa busara, mtoto mwenye adabu, maji yaliyochemka. Mwanafunzi akivuka nao mpaka bila kubadilisha chochote, anaandika “a car of red colour” kwa sababu kichwani mwake kuna gari la rangi nyekundu. Kiingereza kinataka “a red car” na kinatosheka. Vivyo hivyo “boiled water”, “a polite child”. Kila mara unapoona “of” ikifuatiwa na rangi, umri au kitu kilichotumika kutengenezea, simama ujiulize kama neno hilo lingeweza kusogea mbele ya nomino.

Nomino inayovua wingi wake

Nomino nayo inaweza kukaa nafasi ya kivumishi, na ikikaa hapo, mara nyingi huvua alama ya wingi. Duka letu ni la viatu, nao kwa kweli ni vingi, lakini Kiingereza husema “a shoe shop”. Mvulana wa miaka kumi ni “a ten-year-old boy”, na “year” imebaki umoja ingawa miaka ni kumi. Safari ya saa tatu ni “a three-hour journey”, sarafu ya shilingi tano ni “a five-shilling coin”. Kistari kinachofunga maneno hayo si pambo. Kinamwambia msomaji kwamba yote yamekuwa sifa moja. Yapo machache yanayokataa kuvua wingi, kama “sports day”, “clothes shop” na “savings account”, na hayo hujifunzwa kwa kuyasoma mara kwa mara.

Nafasi hiyo ina uwezo wa kubadilisha maana kabisa. Kwa Kiswahili “chupa ya maji” ni chupa iliyojaa maji, na pia ni chupa ya kuwekea maji hata ikiwa tupu. Muktadha ndio unaotuambia. Kiingereza hugawa: “a bottle of water” ina maji ndani, “a water bottle” ni chombo. “A cup of tea” unakunywa, “a teacup” unaiosha. Mwanafunzi anayemwandikia mwenyeji wake “please give me a teacup” ataletewa kikombe kitupu, na hatakuwa ameonewa.

Kistari nacho kinaweza kuokoa heshima ya mtu. “A small business owner” inaweza kusomeka kama mmiliki wa biashara ndogo, au mmiliki mwenye umbo dogo. Andika “a small-business owner” na shaka imekwisha. Kwa Kiswahili hatuhitaji kistari hapo: mmiliki mdogo wa biashara, mmiliki wa biashara ndogo. M na n zimemaliza kazi.

Yanayokuja nyuma

Si kila sifa hutangulia. Maelezo marefu hukaa nyuma ya nomino hata katika Kiingereza, na hapo mpangilio unafanana na wetu zaidi: “the man in the white kanzu”, “a girl carrying firewood”, “the teacher who taught my mother”. Wanafunzi wengi hufarijika wakifika hapa, lakini hapa pia pana mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kiambishi cha mtendwa. Tunasema “kitabu ambacho nilikisoma”, na -ki- inakirudia kitabu ndani ya kitenzi. Ndiyo inayozaa “the book which I read it”, na ndiyo iliyozaa “which he loved it” ya kijana wangu. Katika Kiingereza “which” tayari imeshika nafasi ya kitabu. “It” ni mgeni wa pili kwenye kiti kimoja, aondolewe.

Mtego wa pili ni umbali. Tazama “a woman with a basket from Mwanza”. Ni nani ametoka Mwanza, mwanamke au kikapu? Kiswahili hujibu kwa silabi moja. Ukisema “mwanamke mwenye kikapu cha Mwanza”, kikapu ndicho cha huko. Ukisema “mwanamke wa Mwanza mwenye kikapu”, mwanamke ndiye wa huko. Kiingereza kina nafasi tu, na msomaji hupeleka maelezo kwa nomino iliyo karibu. Ukimaanisha mwanamke, mweke karibu na mji wake: “a woman from Mwanza with a basket”.

Umbali huo huo huwapotosha wengi katika upatanisho wa kitenzi. “The price of the mangoes have risen” ni kosa ninalokutana nalo hata katika ripoti za watu wenye shahada. Mwandishi amelisikia “mangoes” likiwa jirani na kitenzi, akalipa utawala. Lakini hakuna Mswahili anayesema “bei ya maembe yamepanda”. Anasema imepanda, kwa sababu bei ndiyo iliyopanda. Hapa lugha yetu ni mwalimu mzuri kuliko kitabu chochote cha sarufi. Ukiwa na shaka kati ya “has” na “have”, isome sentensi kwa Kiswahili, sikiliza kitenzi kinapatana na nomino ipi, kisha rudi kwenye Kiingereza chako.

Mtego wa tatu ni alama ya mkato, na huu unaweza kuwagharimu watu fedha. “The workers who signed the form were paid” inasema walilipwa wale tu waliosaini. “The workers, who signed the form, were paid” inasema wafanyakazi wote walisaini na wote walilipwa. Mikato miwili imebadilisha idadi ya watu waliopata mshahara. Bila mikato, kishazi ni sehemu ya utambulisho wa nomino. Kikiwa ndani ya mikato ni habari ya ziada. Anayeandika mkataba, barua ya kazi au kumbukumbu za kikao aipime tofauti hii kila mara.

Na vile vijineno “a” na “the”? Wanafunzi huniambia Kiswahili hakina kitu kama hicho. Kinacho, kimejificha ndani ya kitenzi. “Nimeona kitabu” ni kitabu chochote. “Nimekiona kitabu” ni kile tunachokijua mimi na wewe. Ya kwanza ni “a book”, ya pili ni “the book”. Mwandishi anayesikia tofauti ya hizo mbili ana msingi wa kuchagua kati ya “a” na “the” mara nyingi bila kubahatisha.

Kupamba na kubainisha

Mtaala wa taifa wa England uliotolewa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2014 unamtaka mtoto wa miaka sita au saba ajue kupanua kirai nomino kwa kazi mbili: kueleza na kubainisha. Akifika miaka tisa hadi kumi na moja, anatakiwa kukitumia kubana taarifa nyingi katika maneno machache. Wakosoaji wamejitokeza, mwandishi wa vitabu vya watoto Michael Rosen akiwa miongoni mwao, wakisema kumfundisha mtoto majina ya sarufi kwa ajili ya mtihani si sawa na kumfundisha kuandika. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mtoto akiambiwa kwamba kirai kirefu kina alama nyingi, atajaza vivumishi kama anayejaza gunia.

Lakini mgawanyo wa kazi mbili ni wa thamani kwetu. Katika “cooking oil”, neno “cooking” halipambi chochote. Linayatenga mafuta ya kula na mafuta ya taa, na asiyejali tofauti hiyo anaweza kuunguza nyumba. Katika “a beautiful, peaceful morning”, maneno yote mawili yanapamba. Kila sifa unayotaka kuandika iulize: unabainisha au unapamba? Inayobainisha haiondoki. Inayopamba ithibitishe kwamba inastahili. Insha zetu zimejaa “very beautiful”, “very nice”, “very very big”, kwa sababu mdomoni tumezoea kutia nguvu kwa kurudia. Kwenye karatasi “very” ya pili haiongezi kitu, na mara nyingi hata ya kwanza haikuwa na kazi.

Dawa ya kweli iko kwenye nomino yenyewe. Mwanafunzi anaandika “a person who repairs shoes” wakati Kiingereza kina “cobbler”. Anaandika “a sailing ship of our coast in old times” wakati “dhow” inatosha. Nomino sahihi huja na sifa zake ndani, na mwandishi akiipata, nusu ya vivumishi vyake vinaweza kwenda nyumbani. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika riwaya zake kwa Kiingereza ilhali lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, na maneno ya Kiswahili yamo ndani ya Kiingereza chake. Pale ambapo jina la kitu ni la kwetu, jina hilo ndilo nomino sahihi. “Kanzu” ni bora kuliko “a long white robe worn by men”.

Kwa walio vyuoni kuna jambo la kuongeza. Uchambuzi mkubwa wa sarufi uliochapishwa mwaka 1999 na mwanaisimu Douglas Biber na wenzake ulionyesha kwamba Kiingereza cha kitaaluma huweka taarifa zake nyingi ndani ya virai nomino, wakati mazungumzo hutegemea zaidi vitenzi na vishazi vifupi. Mwanafunzi wetu wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huanza kusomeshwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza, na vitabu anavyokabidhiwa vimeandikwa kwa virai hivyo vilivyoshindiliwa. Anaposhindwa kuelewa, mara nyingi anajua maana ya kila neno. Asichokijua ni neno lipi ndilo kuu.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Kabla ya kugawa orodha ya vivumishi vya kukariri, mpe mwanafunzi kalamu na aya moja, umwambie apigie mstari neno kuu la kila kirai nomino. Afanye hivyo siku tano mfululizo. Siku ya sita mwambie aandike aya yake mwenyewe: ataje kitu kwanza pembeni kwa Kiswahili, aorodheshe sifa zake, achague zile zinazobainisha, ndipo azipange mbele au nyuma ya nomino ya Kiingereza. Na wewe unayeandika barua ya kuomba kazi usiku huu, isome tena kila sentensi, utafute neno kuu, uhakikishe kila neno linalolitumikia limekaa mahali pake. Mwajiri hatakuona wewe. Ataona maneno yako na namna ulivyoyapanga.